Majibu Yaliyoanguka Sakafuni

Usiku ule nililala na soksi jozi mbili, sweta na kofia ya sufu, maana upepo wa Makambako hauna adabu, unaingia hata kwa mtu ambaye hakuukaribisha. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani Mwalimu Tekla alinijia kwa kuwa mimi ni mtu wa maono. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule sebuleni kwangu, nakula hapo hapo sebuleni, na kitanda changu kiko hatua sita kutoka kwenye cherehani. Majirani wananiita Mwali, kwa kuwa nashinda ndani kama binti anayefundwa. Tofauti ni kwamba binti hutolewa siku moja kwa ngoma na vigelegele. Mimi nina miaka arobaini na saba na sijasikia hata anayejaribu ngoma.

Nilikuwa nimelala, basi. Nikasikia cherehani inashona.

Niliinuka kwenda kutazama. Zile hatua sita zilikuwa nyingi kuliko siku zote, nilitembea mpaka miguu ikapata joto, na nilipofika nilimkuta Mwalimu Tekla amekaa kwenye kiti changu, anakanyaga pedali, na chini ya sindano hakuna kitambaa. Amevaa sketi yake ya kahawia. Sweta kalifunga kiunoni. Kipande cha chaki kimekaa nyuma ya sikio, pale ambapo maseremala huweka penseli. Nilijua kabisa kwamba amefariki, miezi miwili sasa, na nilijua pia kwamba sikwenda kumzika. Nilikuwa na sababu. Shule zilikuwa zinafunguliwa na nilikuwa na kaptula themanini za kumaliza. Kaptula zenyewe zilikuwa kumi na nne. Ukikaa peke yako muda mrefu unazoea kujidanganya kwa sauti, maana hakuna wa kukubishia.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema. Marehemu naye ana umri wake.

"Marahaba. Zakaria, bado unakula?"

"Nakula, mwalimu. Jana nilisonga ugali, nikala na maharage."

"Sikukuulizia ugali."

Nikatazama chini. Nilijua anaulizia nini, na ninyi itabidi niwaeleze, ingawa ni aibu.

Mwalimu Tekla alitufundisha baiolojia sekondari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza chetu kilitosha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, basi. Kwa hiyo tulipofika mada ya mfumo wa fahamu alikifunga kitabu, akatutoa nje, akatupanga uwanjani tuwe mwili wa mtu. Kichwa kilikuwa upande wa jiko la shule: wanafunzi wanne wamekaa juu ya dawati, hao ndio ubongo. Miguu ilikuwa huko golini. Katikati mstari mrefu wa watu, huo uti wa mgongo. Ubongo na uti wa mgongo, alisema, ndiyo makao makuu. Hao wengine waliotawanyika kwenda mikononi na miguuni ni njia za mikoani.

Kila mmoja wetu alikuwa chembe moja ya fahamu. Mkono wa kulia tuukunjue vidole, hayo ni matawi ya kupokelea. Kifua ndicho mwili wa chembe. Mkono wa kushoto tuunyooshe mbali kadiri tuwezavyo, huo ni mkia mrefu wa kupelekea. Habari ilikuwa punje moja ya karanga ya kukaanga. Unaipokea kwa kulia, unaipitisha kifuani, unamrushia mwenzako kwa kushoto. Sheria ilikuwa moja na aliipigia kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: msigusane! Kati ya chembe na chembe kuna pengo, jembamba kuliko unywele, lakini ni pengo, na habari lazima ilivuke. Ukimgusa mwenzako, mnaanza upya kutoka golini.

Mistari ilikuwa miwili. Wa kwanza ulipandisha: mtu kachomwa mwiba mguuni, karanga inapanda mpaka kichwani. Wa pili ulishusha: kichwa kimeamua, karanga inashuka, anayecheza mguu anaruka. Wa kupandisha hashushi na wa kushusha hapandishi. Palikuwa na waunganishaji pale katikati ya uti wa mgongo, na hao mwiba ukiwa mkali hawakusubiri kichwa. Walidaka karanga inayopanda wakairusha upande wa kushuka hapo hapo, mguu ukaruka kabla ubongo haujajua kwamba una mguu. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mimi niliwekwa mstari wa kushusha, mtu wa mwisho kabla ya mguu. Ilikuwa saa sita mchana na sikuwa nimekunywa hata uji. Karanga ikashuka kutoka kichwani, mkono kwa mkono, watu zaidi ya ishirini, ikanifikia.

Nikaila.

Mguu ukangoja. Kidato kizima kikangoja. "Habari iko wapi?" mwalimu akauliza, na mimi siwezi kujibu kwa kuwa natafuna. "Kaila! Zakaria kala habari!" wenzangu wakapiga kelele. Hilo likawa jina langu mpaka namaliza shule. Nikatolewa mstarini, nikapelekwa kwa watunzaji, wale ambao hawapeleki habari yoyote: wanazunguka na ndoo ya maji, wanafagia maganda, wanawaviringishia wenzao kanga mkono wa kushoto. Mwalimu alieleza kwamba mwilini zipo chembe za namna hiyo, tena nyingi mno, kazi yake ni kuwalisha wengine, kuwasafishia, kuwavika mafuta, na mkia ulioviringishiwa vizuri habari hukimbia juu yake badala ya kutambaa. Mimi nilisikia kicheko cha wenzangu zaidi kuliko somo.

"Mwalimu," nikasema pale sebuleni, "ile ilikuwa zamani."

"Ile nilikusamehe siku ile ile. Naulizia hii ya juzi."

Cherehani ikanyamaza. Nikageuka nitafute mahali pa kukaa, na sebule haipo. Tuko uwanjani. Nyasi zimekauka, jua halina joto, na golini kwenye mkeka amelala dada yangu Oliva.

Dada Oliva ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na mitatu. Wazazi walipokwisha ni yeye aliyenilea, kwa mshahara wa mpishi wa shule ile ile, na ndipo alipopatana na Mwalimu Tekla, wakawa mtu na mdogo wake. Dada aliolewa Songea. Mwalimu alipostaafu akarudi kwao, Songea hiyo hiyo, nyumba ya tatu kutoka kwa dada. Mimi nikabaki Makambako na sweta langu.

Miezi mitano kabla ya ndoto hii dada alianguka jikoni kwake. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala na maneno yakaondoka yote, hata jina la Tumaini, binti yake anayemuuguza. Tumaini alinieleza vizuri kabisa: "Mjomba, daktari anasema mama anasikia, na anaelewa. Kujibu ndiyo hawezi." Nikasema nimeelewa. Halafu nikatuma kwa basi chupa ya dawa ya kuchua, ile nyekundu yenye pilipili, wamchue mkono. Wiki iliyofuata nikatuma nyingine. Kila uchungu uliponipata nilituma chupa.

Na nilipiga simu, kila Jumapili. Tumaini anamwekea mama yake sikioni, mimi nasema, "Kamwene, dada," salamu ya kwetu, kisha kimya. Nasimulia habari za upepo, kimya. Nauliza kama amekula, utadhani nina akili, kimya. Nikajiona kama mtu anayesalimia kabati. Jumapili ya sita sikupiga. Nilimwambia Tumaini mtandao wa huku kwetu umeharibika.

Aliyebaki anasema naye ni Mwalimu Tekla. Kila jioni alikuja, akakaa nyuma yake, akamsuka nywele, akafumua, akasuka tena, na mdomo haukupumzika hata dakika. Tumaini alisema nyumba ilikuwa kama darasa. Kisha siku moja Mwalimu Tekla alilala na hakuamka. Tumaini akanipigia analia. "Mjomba, tumwambie mama?" Mimi ndiye mwanamume pekee wa upande wetu, kwa hiyo neno langu, hata likitoka ndani ya kofia ya sufu, ndilo neno la ukoo. Nikasema, "Msimwambie. Presha itapanda. Semeni kasafiri."

Sasa huyu hapa aliyesafiri, amesimama pembeni yangu golini.

"Mchue," ananiambia.

Napiga magoti. Chupa iko mkononi mwangu tayari. Nachua mkono wa kulia wa dada, kuanzia bega mpaka vidoleni, dawa inamwagika na chupa haiishi, nachua mpaka mikono yangu mwenyewe inawaka. Mkono wa dada ni laini na mzito, kama mtoto aliyesinzia. Hauna kidonda. Hauna uvimbe. Nachua.

"Mkono hauumwi," anasema Mwalimu Tekla. "Mkono unasubiri habari."

Akanishika kola ya sweta, kama alivyozoea, tukaanza kupanda.

Tulipita katikati ya mistari miwili. Walikuwa wanafunzi wenzangu, na sare zao, na nyuso zao za kidato cha pili, hata wale ambao leo wana vipara. Wamesimama wametazamana, hakuna anayemgusa mwenzake. Upande wangu wa kushoto karanga zinapanda. Naziona zinaruka mkono hadi mkono, nyingi, haraka, hazikosi: shuka limekunjamana mgongoni, inapanda, maji ya kuoga ni baridi, inapanda, Tumaini anaimba huko jikoni, hiyo nayo inapanda. Upande wa kulia wamesimama wa kushusha. Mikono yao ya kupokelea iko wazi, imeelekezwa juu, na haina kitu. Wananitazama. Hakuna anayenicheka. Ningependa wacheke.

Mahali fulani, nje ya mistari, kuna watu wanatwanga polepole, kwa zamu, bila kukosea.

"Ni nani wale?"

"Wasiosubiri amri. Moyo, pumzi, tumbo. Hao hata ulipolala na soksi zako walikuwa kazini."

Nilitaka tukae nao kidogo, palikuwa na uchangamfu fulani kule. Lakini njia ikapanda, ikawa nyembamba, na mwisho wake palikuwa na mlango wa jiko la shule.

Nikaingia, na ni kubwa kuliko lilivyokuwa. Upande wa kulia taa zinawaka, masufuria yamepangwa, kila kitu mahali pake. Upande wa kushoto ukuta umeanguka. Umeanguka kama nyumba ya udongo inavyoanguka masika, haujavunjwa na mtu, umelainika tu ukakaa chini. Watunzaji wanazunguka pale na mafagio, wanazoa vifusi kimya kimya, wengine wanapeleka maji kwa waliobaki wima kando ya shimo. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Katikati, kwenye kigoda, amekaa dada Oliva. Ni kijana. Amevaa aproni yake ya jikoni na nywele zake zimesimama, hazijasukwa siku nyingi. Karanga zinaingia mlangoni na yeye anazidaka zote, anazitia mapajani, anazitazama moja moja. Kisha anachukua punje yake mwenyewe, analenga ule upande ulioanguka, anarusha. Punje inafika kwenye shimo, inaanguka. Anachukua nyingine. Analenga vizuri zaidi, anafumba jicho moja. Inaanguka. Hana hasira. Anarusha kama mtu aliyekaa dirishani akirushia kuku mtama.

Sakafu imejaa. Karanga zimefika kwenye vifundo vyangu vya miguu, kwenye magoti.

"Hizi zote ni nini?" nauliza, na nilikuwa nimeshajua.

"Majibu."

Niliokota moja. Katika ndoto mkono nao unasikia. Ilisema: Kamwene, Zaka. Umekula wewe?

Nikaokota ya pili. Usipige simu umesimama mlangoni, utapata kifua.

Ya tatu: Hiyo dawa inanuka, acha kutuma.

Nikacheka, peke yangu, katika jiko lile, na kicheko kikagonga masufuria kikarudi. Jumapili zote tano zilikuwa pale. Kila swali langu la kipumbavu lilikuwa na jibu lake, limelala sakafuni limekauka. Na mimi niliyedhani nazungumza na kabati.

"Njia ya kupanda ni nzima," anasema Mwalimu Tekla. "Ya kushuka ndiyo imebomoka. Wewe ulipoona jibu halifiki, ukaifunga na ile nzima."

Nikaokota nyingine, kutoka juu ya rundo, mpya, bado ina joto la mkono wake.

Tekla yuko wapi?

Nikaitupa nikaokota ya pembeni yake. Tekla yuko wapi? Na ya pembeni yake. Nikachota kwa viganja viwili, nikazoa mpaka kwenye kiwiko, na zote zilikuwa hiyo hiyo moja. Na dada palepale kigodani anachukua punje nyingine, anafumba jicho, anarusha.

Nikamgeukia mwalimu. Alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia. Dada alitazama mlangoni pale pale, moja kwa moja usoni pake, macho yakapita yakaenda mbali.

"Hanioni," Mwalimu Tekla akasema. "Kwake mimi nimesafiri."

"Mwalimu, ilikuwa kwa sababu ya presha."

"Tumaini amewahi kukuambia anafanya nini jioni?"

Amewahi. Jioni inapofika dada anageuza kichwa kuuelekea mlango, na hakigeuki tena mpaka taa izimwe. Nilimjibu Tumaini, atazoea.

"Kasafiri bila kuaga," anasema Mwalimu Tekla, na kwa mara ya kwanza sauti yake si ya darasani. "Haleti salamu. Hatumi hata mtu. Sasa yeye akae pale afikiri nini? Anafikiri nimechoka kusema na mtu asiyejibu."

Wale waliokuwa wanatwanga nikawasikia kwa mbali sana.

"Na wewe, Zakaria. Anafikiri nini juu yako?"

Kuna maswali ambayo mtu hata ndotoni anatafuta mahali pa kuweka mikono. Nilivuta kofia. Nikatazama ule upande ulioanguka, nikauliza la fundi, kwa kuwa la ndugu lilinishinda.

"Huu ukuta utajengwa?"

"Chembe zilizokufa pale hazirudi. Si kama kucha." Akatoa chaki nyuma ya sikio, akaiangalia, akairudisha. "Zilizo jirani zinaweza kujifunza kazi. Kidogo, tena polepole mno, na pengine isifike ulikotaka. Lakini zinajifunza kwa kupokea. Msiporusha kitu, zitajifunza nini?"

"Mimi si mtu wa kurusha, mwalimu. Wewe mwenyewe ulinitoa mstarini."

Hapo akacheka. Kicheko chake kile kile cha kutikisa mabega, ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa, na kilinichoma kuliko angenitukana.

"Nilikutoa ukawaangalie wenzako. Wewe ukaenda kukaa."

Akaingiza mkono mfukoni mwa sketi, akatoa punje moja, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa ya moto, imetoka kikaangoni sasa hivi, chumvi inang'aa juu yake. Na Mungu anisamehe, mate yalinijaa.

"Mwambie nimekufa," akasema. "Nimezikwa na watu wote isipokuwa ninyi wawili. Mwambie na hili: sikumchoka."

"Ataumia."

"Anaumia sasa. Ila hajui anaumia nini, kwa hiyo hawezi hata kulia."

Nikageuka. Kigoda kiko hatua tatu, halafu mbili. Dada Oliva ameinua uso. Ananiona. Mimi ananiona. Amefungua mkono wake wa kupokelea, vidole vyote vitano, na amenitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza ananipeleka shule, akiwa hana uhakika kama nitaingia darasani au nitakimbia. Nanyoosha mkono wa kushoto. Kati ya vidole vyangu na vyake kuna nafasi, nyembamba sana, naiona, ina giza kama ufa wa mlango. Karanga inaniunguza. Nasema, dada—

Nikaamka.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa nje ya blanketi, umenyooka hewani, wa baridi, na ndani yake hakuna kitu. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Upepo ulikuwa unatikisa bati. Nililala hivyo hivyo kwa muda nikisubiri ile hali iondoke, maana ndoto zangu kwa kawaida zinaondoka kabla chai haijachemka. Hii haikuondoka. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hapakuwa na siri yoyote ndani yake. Tumaini alikwisha kuniambia miezi mitano nyuma, kwa Kiswahili, bila karanga: anasikia, anaelewa, kujibu ndiyo hawezi. Mwenzenu ilibidi aletewe marehemu.

Nikapiga simu.

"Mjomba!" Tumaini alipokea kabla haijaita mara mbili. "Nani kafa?"

"Umeamka salama?"

"Mjomba, mtu hapigi simu saa hizi kuuliza umeamkaje. Nani kafa?"

"Mwekee mama yako simu sikioni."

"Mtandao wenu umepona?"

"Tumaini."

"Nauliza tu. Maana ulikuwa unaumwa muda mrefu, huo mtandao." Nikamsikia anatembea, mlango unalia, kitanda kinalia. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya chini. "Mama. Ni mjomba Zaka. Haya, mjomba, sema."

Na ikaja ile pumzi. Jumapili zote zile nilikuwa nikiisikia na kuiita kimya.

"Kamwene, dada," nilisema. "Ni mimi. Mtandao haukuharibika. Niliharibika mimi."

Pumzi.

"Dada, Tekla hakusafiri." Sikujua kwamba sentensi inaweza kuwa na uzito wa mtu mzima. "Tekla amefariki. Ni miezi miwili sasa. Alilala, hakuamka, hakuugua. Mimi ndiye niliyesema usiambiwe. Si Tumaini, ni mimi. Nilisema ni kwa ajili ya presha yako, lakini nadhani ilikuwa ni kwa ajili yangu, niliogopa kuwa mtu wa kukuambia. Dada, hakukuchoka. Angeweza kutembea angekuwa hapo jioni ya jana."

Pumzi ikasimama. Nilihesabu bila kupenda: moja, mbili, tatu, nne. Nikafikiri, nimemuua dada yangu kwa sababu ya ndoto. Kisha ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, ndefu, kutoka chini kabisa, haina neno hata moja ndani yake.

"Mjomba!" Tumaini akapiga kelele kutoka mbali. "Umemwambia nini? Mama analia! Mama, lete simu. Mama, nipe. Mjomba, umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Si ulikataza mwenyewe!"

"Nilikataza."

"Mama, nipe simu... Mjomba, hataki. Kaishika. Ameing'ang'ania, siwezi kuitoa."

Nikasimama. "Kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, mjomba, kwani ana mwingine?" Akavuta kamasi. Nikatambua kwamba naye analia. "Mama wewe, utaivunja. Haya, baki nayo. Baki nayo."

Nikakaa kitandani. Sauti ile ya dada ilikuwa ikiendelea, inapanda, inashuka, inatulia inaanza tena, kama mtu anayetua mzigo ambao hakuonyeshwa siku aliyotwishwa. Sikumnyamazisha. Mwanzoni nilitaka kusema pole dada, basi dada, usilie, yale tunayosema ili tuondoke upesi. Nikaacha. Nililia naye, nami silii vizuri, natoa mlio wa cherehani iliyokosa mafuta, na nadhani alinisikia kwa sababu kuna mahali alinyamaza ghafla, kama anayesikiliza, halafu akaendelea.

Alipotulia nilimweleza niliyoyajua. Kwamba jeneza lilikuwa la mbao nyeupe. Kwamba wanafunzi wake wa zamani walikuja wengi na mmoja wao, mtu mzima na tumbo lake, alishindwa kusoma wasifu. Haya nilisimuliwa, nikamwambia hivyo, sikwenda, dada, nilibaki na kaptula kumi na nne. Nikamwambia nakuja leo na basi la asubuhi. Tumaini ataazima kile kiti cha magurudumu cha kanisani, nitakusukuma mimi, twende makaburini sisi wawili ambao hatukumzika, ukae hapo mpaka utakapotosheka. Nikamwambia nywele zake nitajaribu. Nashona marinda, nywele ni nini.

Nikanyamaza nivute pumzi, na yake ikaja, nzito, ya karibu, imejaa machozi, ikafuata nyingine. Sikungoja zaidi ya hapo. Niliwasha taa nikaanza kutafuta viatu, nikaendelea kusema.